Fundi Makochi Aliyetaka Visahani Vionekane Redioni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyenichosha. Nalisema hili mapema, asije mtu akapiga simu katikati ya kipindi kuniuliza mbona silii. Nililia juzi makaburini, nikamaliza. Leo nasema ukweli, na ukweli ni kwamba marehemu alikuwa anachosha.

Aliyetutoka ni yule fundi makochi mliyemzoea kwa jina la Bwana Visahani. Kwa waliochelewa kuwasha redio, narudia. Fundi makochi, Bwana Visahani, amefariki. Alipata homa ya mapafu, akalazwa, tukadhani atatoka, hakutoka. Ameacha mke, binti mmoja, na dada yake mkubwa ambaye ndiye aliyemlea. Huyo dada mkubwa mshikeni vizuri akilini. Hatutafika mbali bila yeye.

Marehemu alikuwa na kipindi chake hapa hapa, Jumamosi, kabla ya hiki changu cha salamu za rambirambi. Alipewa dakika kumi. Dakika kumi zake zilikuwa kama za mgeni anayesema "nimepita tu." Mimi nje ya mlango wa studio, nimeshika majina ya marehemu wa watu, wafiwa wameketi na leso mkononi, na yeye ndani bado anaeleza ukingo wa kisahani. Ukingo, wasikilizaji wapendwa! Kwamba ni mnene au mwembamba!

Hebu niwaeleze mchezo wenyewe, maana nimeusikia mpaka naota. Uwanjani kuna vikapu vya chuma vilivyosimama juu ya milingoti, vina minyororo inayoning'inia. Unasimama mbali, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kuingia kikapuni. Mwenye kurusha mara chache ndiye mshindi. Basi. Mimi nilidhani kisahani ni kisahani. Thubutu! Kipo cha kwenda mbali, kipo cha kumalizia karibu, kipo kinachopenda kulia, kipo kinachopenda kushoto, kipo kisichosikia la mkubwa. Kama wajukuu tu. Juu yake zimeandikwa namba za kueleza kitakavyoruka, na Bwana Visahani alikuwa anasema namba hizo ni sawa na umri wa mtu anayetafuta mchumba. Usiamini, jaribu mwenyewe. Ndiyo kazi aliyojipa. Kuvijaribu, kisha kutuambia kipi kizuri na kipi cha kufunikia sufuria.

Alianzaje? Mkewe ndiye aliyeniambia. Mnajua makochi humeza vitu. "Siku hiyo alikuwa anafumua kochi la mteja," alisema mkewe. "Akatoa kichana, akatoa rimoti, akatoa kitu cha duara, tukadhani mfuniko wa ndoo. Mwenye kochi akasema chukua tu. Akakirusha uani. Kikaenda, kikapinda, kikaja kupiga shuka zangu nilizotoka kuanika. Mimi natazama shuka zimeingia tope. Yeye ananiambia, 'Mke wangu, umeona kilivyorudi?' Hapo ndipo nilipompoteza."

Sasa, dada mkubwa. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake, na yeye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kujifunza ufundi. Kisukari kilimchukua macho uzeeni. Kutwa yuko sebuleni na redio yake. Na kila Jumamosi alikuwa anatupigia simu, kila Jumamosi, kumgombeza mdogo wake hewani.

"Kinaondoka vizuri," anasema fundi wetu, "halafu tazameni kinavyopinda kulia..."

Simu inalia.

"Halo, dada."

"Kulia kwa nani?"

"Kwa anayerusha, dada."

"Anatazama wapi?"

"Kikapuni."

"Kikapu kiko wapi? Mimi nimekaa naelekea jikoni. Kikipinda kulia kinaingia chooni."

"Dada, watu wanasikiliza."

"Wanasikiliza nini? Umesema tutazame, tumetazama, tumeona redio. Mwanamume mzima, fundi wa watu, umekaa unarusha vyombo!"

Na mimi nje ya mlango dakika zangu zinaliwa.

Nilimwambia, "Fundi, mkatie simu."

Akaniambia, "Mama, amenilea yule. Nimkatie simu kwa mkono upi?" Kisha akasema jambo ambalo sikulisahau. "Haamini kwamba hiki kitu kinapinda. Anadhani namrushia maneno tu. Mimi nataka akione mara moja. Akishakiona, aseme ni upuuzi. Lakini aseme akiwa amekiona."

Nikamtazama. Mtu anataka asiyeona aone, tena kwa redio. Nikasema, Mungu nipe subira, huyu nitazeeka naye mlangoni.

Akajaribu kwa maneno. Kinapinda kama mkia wa paka. Dada akapiga simu. Paka amelala au amesimama? Kinapinda kama mtu aliyekumbuka amesahau funguo. Dada akapiga simu. Mtu gani huyo, na funguo za nani? Akajaribu kukirusha humu studio ili tusikie mlio. Mlio tuliusikia. Ulikuwa wa kioo cha saa ya ukutani.

Meneja wetu alikuja mbio na chai mkononi, nusu ya chai imebaki kwenye ngazi. "Fundi," akasema, "Jumamosi ijayo ama watu wakione hicho kisahani, ama dakika zako nampa huyu bibi."

Huyu bibi ni mimi. Sikukataa.

Aliyemwokoa ni mkewe, tena kwa hasira. "Tatizo lako unasimulia peke yako," alimwambia. "Kisahani unakirusha wewe, lakini kinapita kwetu. Tusimamishe uwanjani. Kikipita juu ya kichwa changu, nitasema mwenyewe."

Ndivyo walivyofanya. Sikilizeni mpangilio, usiwapotee. Fundi anarusha, anaelekea kikapu. Mbele yake, katikati, amesimama binti yake. Upande wa kulia amesimama shemeji yake, kaka wa mke. Mbali zaidi, upande wa kushoto, karibu na kikapu, amesimama mkewe. Kisahani kikipita juu yako, unapiga kelele, "Kwangu!" Sauti tatu tofauti. Ukiwa nyumbani, unajua nani yuko wapi, unakifuata kwa masikio.

Jumamosi ile meneja alinituma nyumbani kwa dada mkubwa kushika simu. Mimi, na magoti yangu haya. Nikamkuta kwenye kochi alilotengenezewa na mdogo wake, redio pembeni, mdomo ameshaukunja tayari.

Fundi akarusha. Alikuwa na tabia ya kuguna akirusha, kama mtu anayenyanyua gunia. Tukasikia binti, "Kwangu!" Shemeji, "Kwangu!" Mke kimya. Akarusha cha pili. Shemeji, "Kwangu!" Cha tatu. Shemeji, "Kwangu!"

Dada mkubwa akaninyang'anya simu. "Huyo shemeji yako ana njaa, mumpe chakula aende zake. Amesema 'kwangu' kabla wewe hujaguna!"

Hewani pakawa na zogo. "Shemeji, umepitiwa na nini?" "Jua kali, nimesaidia tu." "Unanisaidia kunifukuzisha?"

"Na jambo lingine," akasema dada mkubwa. "Huo upepo unaovuma kwenye kipaza sauti unatoka mgongoni kwako. Kila Jumamosi unatoka mgongoni kwako. Nani asiyekimbia akisukumwa? Geuka."

"Dada, kuelekea huko nako kuna kikapu, lakini..."

"Nimesema geuka!"

Akageuka. Wote wakahama, wakajipanga upya, tunasikia viatu na malalamiko. Fundi akashika kile kisahani alichokisifu mwezi mzima, kile alichowaambia mkinunue hata kwa kukopa. Akaguna. Binti, "Kwangu!" Shemeji, "Kwangu! Kwangu! Jamani, bado kwangu!" na mbio. Kisahani kilikumbana na upepo, kikapinduka kulia, kikaenda moja kwa moja mtaroni. Hakikurudi.

Halafu fundi mwenyewe akasema, taratibu, "Wasikilizaji, hiki niliwadanganya. Sikujua."

Akachukua kingine, kigumu, kizito kidogo, ambacho huko nyuma alikuwa hana habari nacho. Akaguna.

"Kwangu!" Binti, katikati.

"Kwangu!" Shemeji, kulia, safari hii kwa haki.

Mimi namtazama dada mkubwa. Ameweka kidole juu ya mkono wa kochi. Kidole kimekwenda katikati, kimekwenda kulia, kimesimama. Kinangoja. Hata mimi nilikuwa nangoja, na mimi nina hasira zangu.

"Kwangu!" Mke, kushoto kule mbali. Na minyororo ikalia.

Kidole kikavuka mkono wote wa kochi kurudi kushoto.

"Hee," akasema dada mkubwa. "Kumbe kinarudi."

"Kinarudi, mama," nikamwambia.

Akaishika simu kwa mikono miwili. "We mtoto. Nimekiona."

Upande wa pili tulisikia mtu anapenga kamasi karibu kabisa na kipaza sauti, mtaa mzima ukasikia. Dada mkubwa akamwacha amalize, kisha akasema, "Haya, sasa rusha kingine. Usitucheleweshe."

Toka siku hiyo nilikwisha. Watu walianza kuweka kikombe, kijiko na kisahani cha chai mezani badala ya wale watatu, wakifuata kelele. Dakika kumi zikawa ishirini na zaidi. Wafiwa wangu wenyewe, wameketi pale nje na leso zao, nao wananyoosha vidole kulia na kushoto. Meneja aliacha kunitazama usoni. Na dada mkubwa alipiga simu kila wiki kama zamani, ila sasa anabishana kuhusu kuruka kwenyewe. Hiki kinachelewa kurudi. Hicho kinaanguka kama embe bovu. Upepo, we mtoto, upepo! Ndugu hawa waligombana kila Jumamosi, na sijapata kusikia watu waliofurahi kama wao.

Mwaka huu akaugua. Hospitalini mtu alimletea kisahani kipya. Mkewe anasema, "Alikuwa anakigeuzageuza kitandani, anapapasa ukingo. Akaniambia, 'Hiki kizuri.' Nikamwambia hujakirusha. Akasema, 'Nakijua tu.' Nikamwacha, alikuwa amechoka."

Hakukirusha. Alifariki kikiwa chini ya mto.

Tukamzika. Msibani kila mtu alikuwa akisema, alikiacha kisahani kizuri, alikisifu mwenyewe, kitundikwe ukutani pamoja na picha yake. Dada mkubwa alikuwa ameketi pembeni. Halafu akasema, "Nani amekirusha?"

Wakamwambia, mama, tuko msibani.

"Nimeuliza nani amekirusha. Mdogo wangu alimwomba radhi kila mtu hewani kwa sababu ya kisahani kimoja. Leo mnataka kumtundikia kingine ambacho hakuna aliyekipima? Nipelekeni uwanjani."

Tukaenda. Ndugu wengine walinuna, wacha wanune. Kiti kikawekwa pale alipokuwa anasimamia mdogo wake. Mke ndiye wa kurusha, kwa hiyo kushoto palikosa mtu. Mnadhani nani alisukumwa huko, kwenye nyasi za magotini, na jua la saa nane? Ndiyo. Mimi.

"Upepo usoni," akasema dada mkubwa. Mke akageuka. Akarusha.

"Kwangu!" Binti, na sauti imekauka kwa kulia.

"Kwangu!" Shemeji.

Nikanyanyua uso. Nikangoja. Kisahani kilikuwa kule kulia, kimeinama, kinatafuta pa kulala. Hakikuja.

"Tena," akasema dada mkubwa.

Tena. Binti, shemeji, na mimi kimya. Tena. Vivyo hivyo. Wasikilizaji wapendwa, ulimi uliniwasha. Yule mama amezeeka, hatakiona kisahani wala mdogo wake, na mimi neno moja tu lingempa raha. Nani angejua? Ila nilimtazama pale kwenye kiti, kidole amekinyoosha juu ya paja, kimesimama kulia, kinaningoja mimi. Nikafunga mdomo.

Kidole kikakaa pale muda mrefu. Kisha akakirudisha kwenye ngumi.

"Hovyo," akasema. "Alikosea."

Akacheka. Halafu ndipo akalia, kwa mara ya kwanza toka msiba uanze, kwa sauti, kama mtu aliyemlea mtoto. "Nilimwambia upepo," alikuwa anasema. "Nilimwambia upepo, hasikii yule."

Ukutani hakikutundikwa.

Kwa mke wa marehemu, pole, dada yangu, pumzisha na mkono. Kwa binti yake, pole, mwanangu. Kwa shemeji, pole, umejifunza kusubiri mguno. Kwa dada mkubwa, sina neno kubwa, mama. Pole. Sisi wa redio hii tumepotelewa pamoja nawe, hata tuliokuwa tunalalamika mlangoni. Hasa huyo.

Nanyi nyumbani, kabla hamjazima redio, hebu mtazameni yule anayewachosha kwa kitu chake anachokipenda. Yupo kila nyumba. Msimsifie bure ili anyamaze. Mbisheni. Mwambieni arushe tena. Akishakwenda hakuna atakayekuja kuwachosha hivyo, na mtaona nyumba ilivyo kimya.

Na wale mnaoendelea kuniletea visahani hapa mapokezi, mnavipanga kwenye kiti changu, nawaomba acheni. Aliyekuwa anavipima hayupo. Dada yake ndiye amebaki, na amesema vipelekwe kwake. Lakini mjiandae, yule mama hana huruma.