Kama Alifungua Mlango

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa tofali tangu ulipovunjika. Wanaolikalia ni walewale: Mashine, kinyozi mwenyewe, ambaye akianza kusema hazimiki, Spoku, fundi baiskeli wa ng'ambo ya njia, Mzee Buli, muuza kahawa na njugu, na Uzi, fundi cherehani, mwembamba na mpole, ambaye asubuhi hiyo kahawa ilimpoa mkononi bila kuionja. Mkewe ni mjamzito. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na kwa hii ya tatu daktari ameamuru mama alale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Jana Uzi alirudi nyumbani akamkuta amesimama kwenye beseni, anafua. Kwa hofu alimshika mkono akamrudisha kitandani.

– Sasa anataka riwaya, – alisema Uzi. – Ile niliyompelekea juzi kairusha ukutani. Anasema mle ndani ni matajiri watupu wanaolia kwenye makochi, hakuna hata mmoja anayeosha kikombe. Anataka watu wa kweli. "Nyumba yangu umenikataza kutembea," anasema, "basi niletee nyingine nitembee humo."

– Shemeji ana maneno huyo! – Mashine akacheka.

– Nisipopata cha kumlaza, ataamka tena. Nisaidieni jamani. Nyie si ndio wasomaji?

Kuitwa wasomaji kuliwavimbisha vichwa. Mashine alikuwa na mteja kitini ndani, lakini alijiketisha vizuri kama mtu asiye na kazi.

– Umefika kwa mwenyewe. Mimi ninayo moja, we acha tu! Mtu na mdogo wake, wanawake wawili, wanarithi nyumba ya baba yao. Jikoni paa linavuja, wamekinga sufuria. Yaani unayasikia matone mpaka unatamani uinuke ukaimwage. Jana nimenyoa kichwa kizima nimekunja shingo, naogopa kulowa.

– Inaitwaje?

– Jina silijui. Haina jalada.

– Hiyo ya watoto, – Spoku akadakia. – Yangu ndiyo riwaya! Kuna mama anafanya kazi kiwanda cha sabuni, mikono imechubuka, akinawa analia. Miaka hawasemeshani na mdogo wake kwa ajili ya kitanda cha marehemu baba yao.

Mashine akaweka kikombe chini.

– Kitanda gani?

– Cha mbao. Mguu mmoja mfupi.

– Wameuwekea kopo la rangi?

– Wewe umejuaje?

– Na sufuria yao imeng'oka mkono?

– Wa kushoto!

Wakatazamana. Haikuchukua muda kuelewa. Mashine hununua karatasi chakavu za kupangusia nyembe, Spoku za kupangusia grisi, na wote wawili hununua kwa jamaa mmoja wa mkokoteni. Kumbe alikuwa amekichana kitabu kimoja akawagawia mafungu. Kila mmoja alianza kupangusa, jicho likanasa kwenye mstari, na tangu siku hiyo grisi ya Spoku inaishia kwenye suruali.

– Fungu langu linakatika pabaya, – alisema Spoku. – Mkubwa amerudi, mvua inamnyeshea, anagonga mlango. Mdogo yuko ndani, kashika komeo. Basi, karatasi zimekwisha.

– Na zilizobaki ziko wapi? – Uzi akauliza.

Macho yote yakamgeukia Mzee Buli.

– Mnanitazamia nini?

– Mzee, karatasi za kufungia njugu unanunua kwa nani?

Mzee Buli akakohoa kidogo.

– Kwa huyohuyo wa mkokoteni. Lakini mimi bila miwani sisomi, na zile zimekwisha wanangu. Njugu zinatoka.

– Umeuza mwisho wa riwaya na njugu!

– Na hakuna aliyelalamika.

– Haidhuru, – Mashine akasema. – Mwisho naujua. Anafungua, anampiga mkubwa wake na ile sufuria.

– Wapi! Anayegonga si dada yake. Ni baba yao. Hakufa yule.

– Spoku, si walimzika?

– Walizika jeneza. Nani alilifunua?

– Nyie hamjui nyumba, – Mzee Buli akaingilia. – Paa limevuja tangu mwanzo. Ukuta unaanguka, mlango unabaki umesimama peke yake, wanazungukia pembeni wanakumbatiana.

Hapo mlango wa kinyozi ukafunguliwa. Alitoka yule mteja, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele zake. Alikuja kwa hasira, kidole juu, lakini kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi alikuwa amesikia yote.

– Samahani wazee. Kwani huyo mdogo... alifungua, au hakufungua?

Mzee Buli aliinamisha birika kwenye kikombe, halikutoa hata tone. Uzi akawaangalia mmoja mmoja. Kahawa imekwisha, baiskeli za watu zimelala miguu juu ng'ambo kule, mtu ana nusu kichwa, na hakuna anayeinuka. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

– Nipeni hicho, – alisema. – Mafungu yote mawili. Nitayashona kwa cherehani.

– Lakini hakina mwisho!

– Ndicho ninachokitaka.

Walinung'unika, kisha wakaleta. Uzi akazikumbatia zile karatasi, za nyembe na za grisi, akashika njia. Alikuwa hajafika kwenye kona aliposikia yule wa nusu kichwa akimpigia kelele:

– Fundi! Mwambie shemeji asiinuke mpaka ajue kama alifungua!