Gervas Semkiwa, Karani Aliyesahau Kujiandika

Poleni kwa baridi, ndugu zangu, na poleni kwa msiba. Mimi ni Ferdinand, kaka wa Edah. Shemeji yangu mwenyewe aliagiza haya niyasome mimi, kwa kuwa nilikuwapo.

Gervas alizaliwa tarehe 14 Septemba 1931 katika kijiji cha Kwemhosi, Muheza. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akatoka na mwandiko ambao padri alikiri unamtia wivu.

Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa karani wa parokia. Kila Jumamosi aliandika maharusi na mashahidi katika kitabu cha ndoa, kisha akawasimamia watie sahihi. Hakuwa mtu wa mchezo. Bwana harusi mmoja aliyekuja amelewa alirudishwa nyumbani akaoge kwanza. Alistaafu 1990, na hadi leo kule wanasema kitabu chake hakina doa.

Tarehe 6 Juni 1959 alimwoa dada yangu. Mimi nilikuwa shahidi, nimevaa koti la kuazima. Padri alidhani karani keshaandika. Karani siku hiyo alikuwa bwana harusi, anatetemeka. Nami, nisiwafiche, akili yangu ilikuwa kwenye pilau. Tukatoka kanisani tukaenda kula. Jumamosi iliyofuata Gervas alifungua kitabu, akaona ndoa yake haimo. Kuichomeka kwa kurudi nyuma, kwake yeye, kulikuwa kughushi. Aliona aibu, akaandika ndoa ya wenzake pale pale, akanyamaza.

Mwaka 1993 wote wawili walihamia hapa Marekani, Takoma Park, kwa binti yao, Monika, nami nikawafuata. Kukaa bure Gervas hakukuweza. Jirani yetu Akilah, aliyejifunza Kiswahili chuoni, alimtafutia kibarua Rockville, katika ofisi inayowatafutia watu asili za koo zao. Huko alinakili vitabu vya ndoa vya parokia moja ndogo ya mashambani Uingereza, vya miaka mia mbili nyuma. Wengi wa maharusi wale hawakujua kuandika. Walichora msalaba, na karani akaandika kando, "Alama ya fulani."

Jioni alitusimulia habari zao kama za majirani: mkamua maziwa, mjane wa mhunzi. Alisema akisinzia kwenye treni huwaona wakipanda kila stesheni, viatu vina matope, wanakaa mbele yake kimya wakingoja kuandikwa. Nyuma yao husimama mwanamke mmoja mwenye leso, hakai, wala hageuki. Wajukuu walicheka kwa Kiingereza. Edah alimwambia apunguze chai.

Aprili 1998 alikuta mstari pembeni mwa ukurasa. Karani wa parokia ile alikuwa ameandika ndoa yake mwenyewe, miaka minane baadaye, kwamba aliisahau na Mungu amsamehe. Siku hiyo Gervas alirudi nyumbani hakula.

Tarehe 22 Novemba kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Hapo ndipo alipomwambia mkewe. Dada yangu akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa mke, au mgeni?" Siku mbili chakula alimpa, neno hakumpa. Niliumia, maana kosa lilikuwa langu pia.

Siku ya tatu alileta karatasi. Tulimwandikia padri wa Kwemhosi, tukamwomba aitie ndoa ile pembeni mwa kitabu kwa ushahidi wetu watatu. Mimi nilitia sahihi. Gervas alishika kalamu, yule mwenye mwandiko wa kuonewa wivu, akaweza msalaba tu, umepinda. Akalia. Edah akaichukua kalamu, akaandika kando: "Alama ya Gervas, mume wangu."

Mwishoni mwa Januari aliniambia yule mwanamke wa kwenye treni amekaa. Alifariki usingizini Jumanne, tarehe 9 Februari 1999.

Barua ya padri ilifika juzi, Alhamisi. Ameandika. Monika alitaka iwekwe kwenye jeneza, mama yake akakataa. Alisema, "Yeye alikuwa anajua. Mimi ndiye ninayeihitaji."

Ameacha binti mmoja, Monika, wajukuu watatu, na shemeji mmoja mpenda pilau. Ameacha pia mjane, Edah, ambaye ni mjane kwa sababu alikuwa mke, na imo kitabuni.

Pumzika kwa amani, karani. Safari hii tumekuandika sisi.