Kasimiro Lado na Damu Nyeupe ya Panzi

Mzee Kasimiro Lado alizaliwa Lurujo, Koboko, tarehe 9 Aprili 1961, asubuhi ya umande mwingi, kama mama yake alivyopenda kusimulia. Baba yake alikuwa askari, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichomlea.

Vita vya 1979 vilimkatizia sekondari. Aliimalizia ukubwani, Arua, mwaka 1988.

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika shule moja mjini Arua. Hapo ndipo panzi walipomteka. Tone la damu yao, iliyofifia kama maji ya mchele, alilitazama kwenye hadubini mpaka chai ikapoa, chembe zikielea polepole mbele ya jicho lake kama ndoto ya mtu mwingine. Alitaka kujua jambo moja tu: je, tezi ndogo za kifuani, ambazo homoni yake humfanya panzi ajivue ngozi, ndizo pia huzidisha chembe za damu? Akawafunga panzi wachanga uzi wa kushonea nyuma ya kifua, homoni isifike tumboni, kisha akahesabu chembe za tumboni. Waliofungwa wakawa nazo nyingi zaidi kuliko wasiofungwa! Akatangaza mbele ya shule nzima kwamba tezi huzipunguza.

Tarehe 15 Agosti 1992 alimwoa Paska, binti kutoka Manibe. Jioni moja, baada ya binti yao Night kuzaliwa, akamsimulia ushindi wake. Paska akafunua sufuria.

“Baba Night, hawa wenye uzi, wanakula? Wanakunywa?”

“Watakunywa namna gani, na iko wamefungwa?”

“Basi angalia. Mchuzi ikikauka, maharagwe inaongezeka?”

Kasimiro akacheka mpaka machozi. Jumatatu alisimama tena mbele ya wanafunzi, akasema, “Nilikosea. Damu yao ilikauka tu, chembe hazikuongezeka. Mke wangu amenisahihisha.” Akaanza upya, panzi wote juu ya kitambaa kibichi, wote bila chakula, lakini miaka ikapita hesabu haijakamilika.

Mwaka 2023 damu yake mwenyewe ilianza kupungukiwa chembe. Hakuogopa kufa, aliogopa kuondoka kabla ya hesabu ya mwisho. Katika mwaka wa pili wa ugonjwa, binti yake, Night Poni, akaweka hadubini kando ya kitanda.

“Ngapi, mama?” Kasimiro akamuuliza bintiye.

“Wenye uzi iko chini, Baba. Tena chini sana.”

“Kumbe tezi inaongeza.” Akafumba macho kama anayesikiliza mvua juu ya bati. Alifariki kesho yake, tarehe 3 Februari 2025, nyumbani Arua.

Ameacha mjane, Paska, watoto wawili, Night Poni na Okuonzi, wajukuu watano, na panzi kumi na mmoja wasiofungwa uzi, ambao Night amewaachia majanini leo asubuhi.

Apumzike sasa, Baba Night. Hesabu imetimia.