Bwana Milimita na Boriti Isiyotulia

Majirani, ndugu wa upande wa baba na wa mama, na nyinyi wa Idara ya Majengo mliojichagulia viti vya mbele, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma haya.

Baba alizaliwa tarehe 11 Aprili 1956, katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala ya babu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1970 na chuo cha ufundi mwaka 1976, tarehe 2 Juni 1980 akaajiriwa na Idara kuwa fundi wa vipimo maabarani, tarehe 17 Septemba 1983 akamwoa mama, wakajaliwa watoto watatu na mke mwenza mmoja, maana ndivyo mama alivyoiita ile boriti.

Boriti yenyewe ni mbao iliyofungwa kwa skrubu chini ya bamba la zege, ili viwili hivyo vibebe mzigo pamoja. Jumatatu tarehe 6 Mei 1996 baba aliipandishia tani mbili za matofali, ikapinda milimita tisa, na tangu hapo kila Jumatatu saa mbili asubuhi alisoma geji, kile kipimo cha kupinda kwake, na kuandika daftarini. Wataalamu walikadiria kwamba ndani ya miaka miwili ingetulia. Boriti haikupewa nakala ya makadirio hayo. Mwaka 1998, ikiwa imefika milimita kumi na saba na bado inashuka, mkuu wa maabara, ambaye leo ni Mkurugenzi, alitembelewa na wageni, akaichomekea nguzo chini kwa siku hiyo ili itoke vizuri pichani, akaandika kwamba imetulia, na kwa taarifa hiyo zikamwagwa sakafu za muundo huo huo kwenye ghorofa za shule kumi na nne. Baba alipolalamika aliulizwa, wewe Bwana Milimita, milimita moja imemuua nani? Jina likamganda.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2016, akaendelea kwenda kila Jumatatu, bila mshahara na bila kiti, akaandika barua ishirini na tatu, zikajibiwa mbili, zote zikimtaka ajaze fomu ya kuomba kuandika barua.

Mapafu yalimlaza Agosti mwaka huu. Tarehe 23 Septemba aliletewa wodini barua kwamba boriti itavunjwa, chumba kiwe stoo ya viti, naye arudishe ufunguo. Alifariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, baada ya kuniuliza Jumatatu nitakwenda na nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, mafundi wenzake waliombebea matofali, na Mkurugenzi, aliyefika kwa wakati leo, jambo ambalo marehemu hakubahatika kulishuhudia. Ameniuliza mlangoni, kabla ya pole, ufunguo uko wapi. Uko mfukoni mwangu, na nakala za madaftari zimeshafika kwa walimu wakuu wote kumi na wanne.

Jana, Jumatatu, nilikwenda peke yangu. Geji inasoma ishirini na nane nukta moja.

Wewe pumzika kwa amani, baba. Mke mwenza wa mama bado hajatulia.