Kaburi Lisilo na Jina

Kila mara basi lilipofika darajani, Bi Nhan alikumbatia mkoba wenye mifupa aliyoifuata makaburi ya askari huko Quang Tri, akaita: "Kaka Khiem, tunavuka, usibaki!" Askari aliyekufa vitani asipoitwa darajani, roho yake hupotea njia ya kwao.

Thoa, abiria wa kiti cha nyuma, alitega sikio. Mambo ya wenzake hayakumpita. Mzee Luc, jirani wa Bi Nhan, alichokoza: "Dada, kaburi halikuwa na jina. Umemjuaje?"

"Damu nzito kuliko maji, mzee. Niache."

Kwenye daraja la mwisho Bi Nhan akaita tena. Sauti ya kijana ikajibu kutoka mkobani, kwa adabu: "Bibi, mimi siitwi Khiem."

Dereva akafunga breki.

Bi Nhan akaupapasa mkoba, akanong'ona: "Najua, mwanangu. Lakini mama yangu amemngoja Khiem miaka hamsini, na siku hizi haoni."