Sista Insaf, Mlinzi wa Kabati la Asali

Tarehe 30 Juni, Sista Insaf Abdel-Gawad anastaafu baada ya kuuguza miaka thelathini na sita katika wodi yetu ya moyo ya watoto, hapa Damanhur. Wengi wetu tulimkuta. Ndiye aliyetufundisha kutafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kijiko, na kutugombeza tulipoukosa.

Madaktari walipoanza kujaribu asali pamoja na dawa kwa watoto wenye misuli dhaifu ya moyo, yeye alikabidhiwa kabati. Alipima kila dozi kwa uzito wa mtoto. Sisimizi walipovamia, alisimamisha miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji. Bibi mmoja aliyetaka kumlambisha kichanga asali aliishia mlangoni: "Hajatimiza mwaka huyu, mama, itamdhuru. Kamlambishe mumeo!"

Tunaomkumbuka Rodayna hatumsahau Insaf. Mtoto alikuwa na miaka sita, hatembei hatua kumi bila kuhema. Akapata nafuu, akaruhusiwa. Mwezi uliofuata hakuletwa kliniki. Insaf alitumia siku yake ya mapumziko kumfuata kijijini, akamkuta amevimba miguu, kaegemezwa kwa mito mitatu. Baba yake, Mitwalli, mfuga nyuki, alikuwa ameacha vidonge na kumpa asali tupu.

"Asali ni dawa ya Mungu, Sista," alijitetea. "Vidonge ni vya watu."

"Na hao watu ni wa nani, Baba Rodayna? Asali ni msaidizi tu. Ukimfukuza fundi, msaidizi hajengi nyumba. Mvalishe mtoto viatu, twende."

Mitwalli alilia njia nzima. Insaf hakumsimanga; walipofika wodini alimpa kazi ya kushika barakoa ya oksijeni, asizame kwenye majuto. Rodayna alilazwa siku kumi na tisa. Leo anasomea ualimu, na vidonge vyake anavimeza bado.

Si watoto wote waliorudi makwao. Insaf alikwenda kwenye kila msiba alioweza kuufikia, akakaa na mama wa mtoto bila maneno mengi. Labda ndiyo maana hakupenda kutia chumvi. Mwandishi wa gazeti alipomtaka aseme kwamba asali huponya moyo, alimjibu: "Andika kwamba huenda inasaidia, ikiwa pamoja na dawa. Na hilo 'huenda' ulikoleze wino." Mwandishi hakuonekana tena.

Sista, umetuambia utalala mpaka adhuhuri kila siku. Hatuamini, lakini tunakuombea. Asante kwa ukali wako, kwa chai yako ya mnanaa, na kwa watoto wanaokimbia leo katika viwanja tusivyovijua. Mungu aisalimishe mikono yako, akupe umri mrefu wenye afya. Nasi tunakuomba jambo moja tu: pumzika walau wiki moja kabla hujapiga simu kuuliza kama tumefunga kabati.