Mwalimu Anatoli Ntirampeba na Maneno Yaliyofanana

Ndugu waombolezaji, mimi ni Verediana, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee habari za maisha yake.

Baba yetu, Mwalimu Anatoli Ntirampeba, alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Rumonge, Burundi, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha seminari, alikokijua Kigiriki hata akawa anawafundisha wenzake, ingawa upadri hakuufikia. Mei 1972 alivuka ziwa kukimbia mauaji, akateremka Kigoma na shati moja na Agano Jipya la Kigiriki, akapokewa mtaa wa Buzebazeba na Mzee Nassib, aliyempa chumba bila kumuuliza dini yake.

Mwaka 1973 alianza kufundisha katika chuo kimoja cha Biblia mjini hapa, na tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Rozalia, binti wa Kalinzi, wakajaliwa kunipata mimi na Benedict.

Kwa miaka sita baba aliandika kitabu, akipiga mistari ya penseli za rangi chini ya kila neno la Kigiriki ambalo Mathayo, Marko na Luka wanalitumia kwa pamoja, akatuonyesha hata mahali ambapo Mathayo na Marko wanakatisha habari na kumtaka msomaji aelewe, kwa maneno yaleyale, jambo ambalo mtu hulifanya akiandika, si akisimulia kwa mdomo, hivyo mmoja alikuwa na kitabu cha mwenzake mbele yake.

Mwaka 1979, kwa kuwa mkimbizi hakusafiri bila kibali, alimkabidhi muswada huo mwalimu mwenzake, Wilfred, baba wa ubatizo wa Benedict, aufikishe kwa wachapaji. Kitabu kilitoka mwaka 1981 kwa jina la Wilfred.

Baba alipomshtaki mbele ya mkuu wa chuo, Wilfred alisema kwamba watu wawili wakichunguza jambo moja lazima wafanane. Baba akafungua daftari lake la rasimu, mahali alipokuwa amekosea kwa kuandika Luka sura ya kumi na tatu badala ya tatu, akaweka kitabu kando yake, kosa lile likiwa palepale.

"Kufanana tutafanana, Wilfred," akasema, "lakini kosa langu umelitoa wapi?"

Mkuu alisema chuo hakiwezi kumwaibisha mwalimu wake kwa ajili ya mkimbizi, na baba hakurudi tena darasani, akalima mihogo na kufundisha Kigiriki barazani kwetu, bila malipo.

Mwaka 2002 aligundulika kuwa na kisukari, akakatwa mguu, akafariki tarehe 19 Agosti 2004, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Buzebazeba na Rusimbi, watoto wa Mzee Nassib waliochimba kaburi, na walimu wenzake waliofika. Mwalimu Wilfred, tunakuona umekaa hapo nyuma, chakula kipo, karibu, baba aliagiza usifukuzwe, ila hakutuagiza tukushukuru.

Lala salama, baba, Mungu anaujua mwandiko wako.